"Kupunguza picha" ni kupunguza nini hasa?

Swali limetoka kwa kaka mmoja wa hapahapa Tanga, anatengeneza programu za wavuti. Anasema: "Dada, nimeweka huduma kwenye seva, ile kompyuta inayohudumia tovuti, mtu anapandisha picha moja kubwa, halafu tovuti yake ikitaka ile picha kwa upana fulani seva inaitengeneza. Kwenye maelezo nimeandika 'Huduma ya kupunguza picha kwa mahitaji, saizi yoyote'. Mteja mwenye nyumba ya wageni Raskazone kanipigia anauliza kwani namfutia picha zake? Nimekosea wapi?"

Kaka, mteja wako kasoma sawasawa kabisa. Kupunguza kunategemea kinachofuata, ukipunguza chumvi inabaki kidogo, ukipunguza wafanyakazi wanabaki wachache, sasa mtu ana picha 40 za vyumba vyake unamwambia unapunguza picha, atafikiri nini? Na neno lenyewe picha linakuponza, maana umoja picha, wingi picha, halibadiliki. Angalia kwa fundi cherehani kule Ngamiani, ukimpa suruali ukasema "nipunguzie hii" anaelewa, ni moja na ameishika mkononi, lakini hata yeye lazima akuulize kiuno au urefu. Hilo swali la fundi ndo ambalo maelezo yako hayajalijibu.

Kwa hiyo sema unapunguza nini. Hapa watu wengi wanaandika "ukubwa", mi silipendi sana kwa kazi hii kwa sababu linabeba vitu viwili. Mtaani tayari tumeshavitenga, tunasema picha ni nzito, inakula bando, hapo tunaongelea MB, huo ni uzito. Upana na urefu wa pikseli, vile vidoti vinavyounda picha, ni saizi, au vipimo ukitaka. Picha ya simu yenye pikseli 4000 kwa 3000 ukiifanya 800 kwa 600 umetoka pikseli milioni 12 mpaka 480,000, yani mara 25 chini, na uzito nao unashuka lakini unashuka kwa sababu saizi imeshuka. Ukiacha pikseli zote zilivyo halafu ukaishusha ubora kwenye JPEG, aina ya faili la picha, ili faili liwe jepesi, hiyo ni kubana. Na ukiondoa pembeni ibaki sura ya mtu tu, umekata. Tafadhali usiyachanganye haya matatu, kuna watu wanaandika "kubana" kwa yote na mteja anashangaa picha yake imebanwa na bado kitanda kimekatwa nusu.

Sasa "kwa mahitaji". Hiyo umeitoa moja kwa moja kwenye Kiingereza, "on demand", Kiswahili hakisemi hivo, mtu akisikia mahitaji anafikiria unga na sukari. Wengine wanaandika "papo kwa papo" wakimaanisha sasa hivi, lakini kumbuka wazee wanavyosema papo kwa papo kamba hukata jiwe, pale maana yake ni palepale tena na tena, siyo haraka. Neno la mtaani lililo karibu ni oda, mama anayeuza keki za oda haoki mpaka uagize, na seva yako ndo inafanya hivohivo, ila oda ina advansi na kusubiri mpaka kesho kwa hiyo bado haijakaa vizuri.

Mi ningetumia kitenzi tu, na hapa kuna kitu kizuri cha sarufi. Unaweza kusema "inapoombwa" au "ikiombwa". Hiyo -po- inaongelea wakati, msomaji anaweza kudhani kila ikiombwa inatengenezwa upya, wakati seva yako inaitengeneza mara ya kwanza tu, inaweka nakala, anayekuja baadaye anapewa ileile. Hiyo -ki- inaweka sharti: isipoombwa haitengenezwi. Na hilo ndo linaitofautisha huduma yako na ile ya kuandaa saizi zote mapema na kujaza diski kwa picha ambazo hakuna anayezitaka. Chukua -ki-.

Hilo "yoyote" nalo liondoe. Yoyote ni ahadi isiyo na mpaka, mtu mbaya akiomba upana wa 801, 802, 803, seva inafanya kazi upya kila mara na kuhifadhi nakala mpya mpaka inachoka. Kama umeweka orodha ya saizi, na naomba iwe umeweka, andika "saizi zilizopangwa".

Andika hivi: "Tunapunguza saizi ya picha zako tovuti ikiziomba, kwa saizi zilizopangwa. Picha zako orijino zinabaki zote kama ulivyozipandisha." Halafu mpigie yule wa Raskazone umsomee hiyo sentensi ya pili kwanza.