Kalamu za mninga: gundi, linsidi au nta?

SWALI: Shikamoo mama fundi. Niko Nansio, Ukerewe. Nakereza kalamu za mninga na mpingo kutokana na mabaki ya mafundi samani, nawauzia walimu na wageni wanaoshuka kwenye meli. Vanishi ya klia ninayopaka inabanduka pale vidole vinaposhika. Kijana mmoja kanishauri nipake supaglu na mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani), eti zitang'aa kama kioo. Nimejaribu, na baadhi zimetoka na ukungu mweupe. Niendelee au nirudi kwenye nta?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa mninga, endelea na gundi. Kwa mpingo, achana nayo.

Nianze na mpingo maana hauna maneno mengi. Ni mti mzito wenye mafuta yake wenyewe. Gundi haiushiki vizuri, na hata ikiushika umefunika kile kile ambacho mteja anakilipia. Piga msasa laini hadi namba 2000, malizia na nta kidogo kwenye kitambaa, basi. Klarineti za Ulaya, zile ala za muziki za kupuliza, zinatengenezwa kwa mpingo huu huu wetu, na hakuna anayezivisha gundi.

Mninga una vinyweleo vikubwa, na vanishi ya brashi hukaa juu juu tu. Supaglu ikikauka ni plastiki ngumu, inahimili vidole vya mwalimu anayesahihisha madaftari ya darasa zima. Sasa, wengi hudhani gundi ile hukaushwa na hewa. Hukaushwa na unyevu, ule ulioko hewani na kwenye ngozi yako. Harry Coover na wenzake wa Eastman Kodak, kule Marekani, walipoipata mwaka 1942 waliiweka kando kwa sababu ilinata kwenye kila kitu. Ilikuja kuuzwa kama gundi mwaka 1958.

Na wewe uko kisiwani, unyevu umekuzunguka pande zote. Ukungu wako umetoka hapo: hewa ilikuwa na maji mengi, nawe ukapaka tabaka nene. Asubuhi na mapema usipake. Ngoja jua likolee, saa tano hivi. Wakati wa masika ndiyo uwe mvumilivu zaidi. Mti nao uwe umekauka barabara, maana mninga mbichi unatoa maji kutoka ndani na hakuna jua litakalokusaidia. Zile zenye ukungu usizitupe. Zipige msasa mpaka weupe uishe, upake upya.

Linsidi hapa siyo kinga. Inaamsha rangi ya mninga, ndiyo, lakini kazi yake kubwa ni kuteleza, tishu isigande kwenye kalamu wakati mashine inazunguka. Nunua iliyochemshwa, mbichi inakawia mno kukauka. Kwanza futa vumbi kwa asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha inafaa kama haina manukato na mafuta, uiache ipae. Punguza mwendo wa mashine. Kunja tishu ya jikoni, dondoshea tone moja la linsidi, kisha gundi nyepesi juu yake, upitishe kwa chini ya kalamu kwenda na kurudi bila kusimama. Ukihisi tishu inaanza kushika, ondoa mkono. Ngoja ikauke, rudia. Tabaka sita hadi nane nyembamba zinatosha. Halafu msasa wa maji, kuanzia 1500 kupanda juu, na kati ya namba na namba zima mashine usugue kwa urefu wa kalamu, la sivyo zitabaki pete ndogo ambazo mteja akienda nazo juani ataziona.

Kuna kitu wengi hawaambiwi: gundi huunganisha kalamu na bushi, zile pete za chuma zinazoishika kalamu pembeni kwenye mashine. Ukivuta kwa nguvu, ncha inameguka na kazi yote imekwenda. Pakaa bushi nta kabla ya kuanza, na ukimaliza zungushia kisu chembamba kwenye kiungo ndipo uvute.

Usitumie kitambaa cha pamba wala glavu za pamba. Supaglu ikikutana na pamba hupata moto ghafla, hufuka moshi, hukuunguza vidole. Vaa miwani, kaa dirishani, upepo utoke mgongoni kwako. Na tishu zenye linsidi usizifinyange ukazitupia kwenye lundo la maranda. Zinaweza kuwaka zenyewe bila kiberiti. Zitandaze nje zikauke au zitumbukize kwenye kopo la maji. Karakana zetu nyingi ni mbao na mabati, na jirani yako ana watoto.

Chupa ya gundi iweke kwenye kopo lenye kifuniko, pamoja na vile vifuko vidogo vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Vinanyonya unyevu.

SWALI: Linsidi huku Igoma ni ya kutafuta. Naweza kutumia mafuta ya alizeti ya kupikia? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Hapana. Alizeti ya kupikia hukauka kwa shida na hubaki inanata, vumbi lote la barabarani litaishia kwenye kalamu yako. Kama linsidi imekosekana, paka gundi peke yake, tabaka nyembamba zaidi, na tishu mpya kila mara.