Filamu kuhusu watoto maskini zinasukuma watu kusaidia, ila inategemea zimetengenezwaje

Je, filamu za maisha halisi kuhusu watoto maskini huwafanya watu watoe msaada? Ndiyo, na mfano mkubwa upo. Oktoba 1984 BBC ilirusha taarifa ya Michael Buerk kuhusu njaa huko Korem, Ethiopia, kamera ikiwa mikononi mwa Mkenya Mohamed Amin. Mwanamuziki wa Ireland Bob Geldof aliiona kwenye televisheni, na kabla mwaka haujaisha wimbo wa Band Aid, kundi la wanamuziki waliojitolea kuwachangia wenye njaa, ulikuwa umeshatoka. Julai 13, 1985 likafuata tamasha la muziki la kuchangisha fedha, Live Aid, London na Philadelphia.

Kinachomgusa mtazamaji ni mtoto mmoja, si takwimu. Watafiti Small, Loewenstein na Slovic walilipima hilo katika utafiti wao wa 2007: waliosoma habari za msichana mmoja wa Mali walichangia zaidi ya waliopewa tarakimu za njaa. Cha ajabu (bado hunishangaza), tarakimu zilipochanganywa na habari za msichana huyo, michango ilishuka. Ndiyo maana waongozaji wengi humfuata mtoto mmoja tu, mpaka unajua anavyobana daftari kwapani ili mvua isililoweshe.

Ila huruma hupoa upesi. Filamu ikikuliza bila kukuonyesha pa kupeleka mchango au muda wako, utafuta machozi na kubadilisha chaneli. Na zile zinazong'ang'ania nzi usoni pa mtoto ambaye hata jina hatulisikii, mimi siziiti msaada.