Kabla Hujateremsha Gari Ufukweni Al Khaluf

Ukikaa Muscat msimu mmoja tu wa baridi, hutakosa mtu wa kukualika Al Khaluf, kijiji cha wavuvi kwenye pwani ya Oman. Atakuonyesha picha za matuta meupe yanayoishia baharini, na ukimuuliza ni umbali gani atakutajia kilomita. Jibu hilo halikusaidii. Kutoka Muscat kupitia Sinaw hadi Mahoot, mji ulio karibu na kijiji hicho, ni karibu kilomita 400, lami tupu, na hata gari dogo la mjini linafika. Kazi inaanza lami inapokwisha. Kuanzia hapo hesabu ni ya saa: maji yanapwa saa ngapi, yanaanza kurudi saa ngapi, na wakati huo wewe utakuwa wapi.

Nawaandikia hasa ndugu zangu mliokuja kufanya kazi Oman kutoka Tanzania na Kenya, mliokwisha kupambana na matope ya masika na mkaona hakuna njia itakayowashinda. Uzoefu ule una faida yake. Lakini kwenye matope mnajua kwamba mvua ikikatika na jua likiwaka, kesho njia itapitika. Pwani hii haina kesho ya namna hiyo, kwa sababu kinachokufunga njia kinarudi mara mbili kwa siku.

Pwani ninayoisema inaanzia Al Ashkharah na kushuka kusini kandokando ya mchanga wa Wahiba, ambao ramani nyingi za sasa zinauita Sharqiya, ikapita rasi ya Barr Al Hikman, kisha Al Khaluf, Ras Bintawt, mpaka Duqm. Zamani waliopita chini ya matuta ya Wahiba walipita ufukweni maana njia nyingine haikuwapo. Leo upande ule una lami inayofuata bahari. Wapo wanaosikitika kwamba lami imeondoa utamu wa safari. Mimi naipenda. Ndiyo mlango wa kutokea, na mpango wangu wote wa safari ni orodha ya milango: kila kipande cha ufukwe, natokea wapi nikizidiwa, na kutoka hapo hadi lami ni umbali gani. Kipande kisicho na mlango hata mmoja katikati, kama vile kutoka Al Khaluf kushuka upande wa Bintawt ambako kuna sehemu matuta yanabana ufukwe, hicho ndicho kinachopangwa kwanza. Siku nyingine za safari zinajipanga kukizunguka chenyewe.

Sasa maji. Aliyekulia Unguja, Mombasa au Tanga ana bahati, maana bamvua na maji mafu anayajua tangu utotoni. Bamvua huja siku moja mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Maji yanajaa sana na yanapwa sana. Maji mafu huwa mwezi ukiwa nusu, bahari haiendi mbali wala haisogei sana juu. Huku kalenda ya Kiislamu iko kwenye kila simu, kwa hiyo hesabu ya haraka ni rahisi: tarehe za mwanzo wa mwezi na zile zinazofuata kumi na tano, tarajia bamvua. Upande wa Masirah na Duqm tofauti kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hufika kiasi cha mita mbili, na kwenye ufukwe bapa mita mbili za kwenda juu ni mwendo mrefu wa kwenda pembeni.

Watu hubishana lipi bora, bamvua au maji mafu. Bamvua linakupa ufukwe mpana na mgumu wa kuendeshea, lakini likirudi linachukua kila kitu hadi mguuni mwa tuta. Maji mafu yanakuachia ukanda mwembamba, ila hayana ghadhabu. Kwa mgeni nashauri siku za katikati, maji yakielekea kuwa mafu, ili kila siku inayofuata ya safari maji ya kujaa yawe mafupi kuliko ya jana. Ukipanga kinyume chake, hema ulilolipiga mahali pakavu usiku wa kwanza litalowa usiku wa tatu mahali pale pale.

Jedwali la maji litafute la Masirah au Duqm; la Muscat ni la bahari nyingine, na saa hazilingani. Kila siku saa za maji zinasogea mbele kwa takribani dakika 50, basi usikariri za jana. Na kama msafara una watu wa makabila mbalimbali, kubalianeni mapema kuhusu saa. Nimewahi kuona msafara mzima ukisubirishana kwa sababu mmoja wetu alisema saa nne na mwenzake Mhindi akaandika 4:00.

Maji hayapandi kwa kasi moja. Kutoka kupwa hadi kujaa ni saa sita na kidogo, na mabaharia huyagawa mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza linapanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Maana yake nusu nzima ya maji inakuja katika saa mbili za katikati. Tuseme maji yanapwa saa nne asubuhi. Ingia ufukweni saa mbili, yakiwa bado yanakwenda nje na kukuachia mchanga uliolowa na kushikana. Saa nne kamili uwe umevuka nusu ya kipande. Kama hujavuka, geuza, hata kama mbele panaonekana pazuri. Saa sita mchana uwe umetoka, kwa sababu kuanzia hapo ndipo mafungu matatu matatu yanapoanza. Anayeingia maji yakishapwa kabisa ameshatupa nusu ya muda wake, na wageni wengi huingia hapo hapo kwa sababu ndipo ufukwe unapopendeza.

Njia yenyewe ipite kwenye mchanga uliolowa, kati ya ukingo wa mawimbi na ule mstari wa makombe na majani uliowekwa na maji ya mwisho. Juu ya mstari huo mchanga ni laini, chini mno chumvi inaruka kwenye breki na mchanga unafyonzwa chini ya tairi. Karibu na vijiji angalia kamba za mashua: zinanyooshwa kutoka majini hadi kwenye kigingi juu ya ufukwe, na jua likikupiga usoni huzioni mpaka uzifikie. Usiku ufukweni usiendeshe. Masirah na pwani ya karibu kasa wanapanda kutaga, na nyayo za tairi ni mtaro ambao mtoto wa kasa aliyetoka yaini hawezi kuukwea ili afike baharini.

Kuna kitu kimoja ambacho bahari ya nyumbani haikukufundisha, nacho ni sabkha. Ni uwanda wa chumvi uliolala karibu sawa na usawa wa bahari. Juu una gamba gumu kama ukoko wa wali, chini yake tope lililojaa maji ya chumvi. Jua linakausha juu, maji yanapanda kutoka chini, ndiyo maana hata mvua isiponyesha mwaka mzima sabkha haikauki hadi ndani. Barr Al Hikman, ile rasi bapa inayotazamana na kisiwa cha Masirah, sehemu yake kubwa ni hiyo. Ndege wa pwani hushuka pale kwa mamia ya maelfu wakati wa baridi kula kwenye tope linaloachwa wazi na maji. Pale ambapo ndege mwenye miguu mirefu anakula kwa raha, gari la tani mbili na nusu halina la kutafuta.

Sabkha haikuonyi. Kwenye mchanga laini injini inalalamika kwanza, gari linapungua mwendo, unapata nafasi ya kufikiri. Kwenye sabkha unakwenda kilomita 60 kwa saa, gamba linakatika, na kitambo kidogo gari limekaa kwa tumbo. Fuata nyayo za magari zilizokwisha kutumika sana, wala usikate kona kufupisha hata mita mia. Tazama rangi: pakavu pana weupe au kahawia hafifu, panapogeuka kahawia nzito au pakang'aa usipakanyage. Ukitilia shaka, shuka, tembea, piga kisigino kwa nguvu. Kisigino kikizama, gari litazama zaidi. Usiiamini picha ya setilaiti iliyo kwenye simu, maana hujui ilipigwa mwezi gani, na baada ya mvua au bamvua njia ya wiki iliyopita si njia tena. Gari likizama, la pili lisisogee kulisaidia. Libaki pagumu, na ndiyo sababu kamba moja ya mita tisa haitoshi upande huu. Kwa safari ya kwanza, shauri langu ni la moja kwa moja: Barr Al Hikman iachwe. Pita kwenye lami inayokwenda bandari ya Shannah ukapande feri ya Masirah, ndege utawaona hata kutoka huko.

Majira ni Novemba hadi Machi. Kuna hadaa moja hapa. Juni hadi Septemba, Muscat ikichemka, Duqm na Masirah kunapoa kwa sababu upepo wa kusi unasukuma maji ya juu na maji baridi ya kilindini yanapanda. Watu wanasikia habari ya ubaridi huo wanafunga safari. Ni kweli hutatoka jasho. Lakini kusi hiyo hiyo inainua mawimbi yanayokula ufukwe mpaka kwenye tuta, saa zilizoandikwa kwenye jedwali hazitegemeki, na mchanga unaruka siku kutwa. Manahodha wa Sur waliorudi kutoka Zanzibar kwa kusi walihakikisha wamefika kwao kabla haijakaza. Miezi ya Mei na Juni, na tena Oktoba na Novemba, angalia pia habari za vimbunga: Phet cha Juni 2010 kilipita karibu na Masirah.

Vifaa nitavipitia haraka, maana hivyo kila mtu anapenda kuvizungumzia. Upepo wa tairi ndio muhimu kuliko kifaa chochote cha kununua. Ukitoka kwenye lami na psi 35, shusha hadi 18 kwa mchanga. Ukikwama shusha hadi 15. Chini ya hapo tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona, basi ukishusha zaidi ili ujinasue, nenda polepole na ujaze mara utokapo. Maana yake lazima uwe na pampu ya kuchomeka kwenye betri, na kipimo cha kwako mwenyewe. Koleo, vibao viwili vya kuwekea chini ya tairi, jeki na ubao mpana wa kuikalia. Kamba ifungwe kwenye kulabu iliyofungwa kwenye chasisi, kamwe usiifunge kwenye ile bola ya kuvutia tela. Bola ikikatika inaruka kama risasi na imekwisha kuua watu.

Mafuta jaza Sinaw, jaza tena Mahoot hata kama tangi lina robo tatu. Mchanga unakula mara moja na nusu ya lami, ukiwa laini hata mara mbili. Maji ya kunywa, hesabu lita tano kwa mtu kwa siku, na uongeze akiba ya siku moja ambayo hukuipanga. Ramani ipakue kabla, kwa kuwa mtandao unakatika muda mfupi tu ukiiacha lami. Mwachie mtu Muscat karatasi yenye njia, milango ya kutokea, na saa ambayo asiposikia sauti yako apige 9999, polisi. Na magari yawe mawili au zaidi, hilo halina mjadala.

Kwenye matuta meupe yenyewe, saa sita mchana kaa kivulini ule. Jua likiwa kichwani mteremko hauna kivuli, na mbele yako bonde na kilima vinaonekana kitu kimoja. Kupanda panda asubuhi au alasiri.

Halafu kuna wenyewe. Wavuvi wa Al Khaluf na watu wa kabila la Wajanaba wa upande ule wanaendesha pikapu zao ufukweni kila siku, na hakuna ramani inayojua kama wao wapi pamelainika wiki hii. Simama kijijini, salimia, usianze na swali. Kahawa ikija kunywa. Kiarabu chako kikiwa kibovu usijali. Sinaw na Ibra, kabla hujafika huko, utashangaa ni wazee wangapi watakaokujibu kwa Kiswahili cha Unguja safi kuliko chako, na baadhi yao wana jamaa katika vijiji vya pwani watakaowapigia simu kwa ajili yako. Mvuvi akikwambia leo usipite, usimuulize kwa nini mara tatu. Msimu wa kuvua kamba wa baharini ukiwa umefunguliwa nunua kwake, bei yake na ya Muscat ni mbingu na ardhi.

Ukirudi Mahoot jaza upepo kabla ya kuingia lami, kwa kuwa tairi la psi 18 kwenye mwendo wa 120 linapata moto na kupasuka. Sinaw tafuta mahali pa kuoshea gari na usiridhike na bodi. Mwambie kijana aingize mpira wa maji chini, kwenye chasisi, nyuma ya matairi, ndani ya rimu, na arudie mara ya pili. Gari la kukodi kabla ya yote soma mkataba, maana bima nyingi haziligusi gari likitoka kwenye lami, na anayekukodisha anajua kabisa harufu ya chumvi.