Mathenge ukiufyeka, unarudi kichaka

Ndugu wa Marigat, Baringo nchini Kenya, umesema ulifyeka mathenge, ule mti wa miiba uitwao pia Prosopis, malishoni kabla ya kiangazi, na sasa umerudi mnene kuliko mwanzo, nyasi hakuna. Tatizo ni ule ufyekaji: kisiki kinachobaki juu ya ardhi huchipua matawi mengi. Fukua pembeni, ukate mzizi sentimita 20 hadi 30 chini ya udongo. Kazi ngumu, tafuta wenzako.

Mti huu uliletwa Baringo miaka ya 1980 kuzuia jangwa, na ukame ndio unaoupendelea. Mizizi yake hufuata maji ya chini kabisa. Nyasi zikikauka, wenyewe uko kijani tu. Kwa hiyo ukishang'oa usiache ardhi wazi. Sia mbegu za nyasi za kienyeji mvua zikikaribia, na mifugo isiingie mpaka zishike.

Mbuzi wasiokote maganda mazima ya mathenge: yanaharibu meno, na mbegu huota kwenye samadi. Yasage pamoja na mbegu, changanya na malisho mengine.

Vaa buti. Mwiba ukikuchoma pakavimba, nenda hospitali. Kuchoma makaa ya mathenge je? Ulizia kibali kwanza ofisi ya misitu.