Jino likitibiwa mzizi, usiishie njiani

Wiki iliyopita mdogo wangu alinipigia simu kutoka Korogwe, sauti imechangamka. "Dada, jino limepona! Hata muhogo wa kuchoma natafuna." Alikuwa ametibiwa mzizi wa gego wiki tatu nyuma. Nikamuuliza kofia ya kulifunika jino anavalishwa lini. Akasema daktari aliitaja, lakini kwa kuwa maumivu yameisha, atalishughulikia mwisho wa mwaka akishauza mahindi. Moyo ulinishtuka, kwa sababu maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka 2016, na nikapoteza jino.

Langu lilikuwa gego la chini kulia, lile kubwa ambalo mtoto huota akiwa na miaka kama sita. Lilitoboka, nikalipuuza, mpaka usiku mmoja likanikesha. Daktari aliniuliza nataka kuling'oa au kuliokoa, nikasema tuliokoe. Kutibu mzizi ni kutoa ile nyama laini ya ndani ya jino yenye mishipa ya damu na ya fahamu, kusafisha vijia vyake hadi nchani, kisha kuviziba. Maumivu hukoma kwa kuwa kilichokuwa kinauma kimetolewa. Jino lenyewe linabaki kuta nyembamba zilizozunguka kizibo, na magego ndiyo yanayobeba kazi nzito ya kutafuna. Hapo ndipo inapohitajika kofia ya jino, ambayo wengi huiita krauni. Inazishika kuta zile pande zote, kama pete inavyoushika mpini wa kisu usipasuke.

Meno ya mbele wakati mwingine hayahitaji kofia baada ya kutibiwa, wala si kila jino lililozibwa linaihitaji. Lakini gego lililotibiwa mzizi, ukiambiwa livalishwe, rudi ulivalishe.

Mimi sikurudi. Kulikuwa na ada za watoto, kulikuwa na bati za jikoni, na jino lilikuwa kimya. Miezi minane baadaye, nikila kashata ya karanga kwenye harusi ya jirani, nikasikia mlio mdogo, kama kijiti kikavu kinapovunjika. Sikuumia sana. Siku chache mbele fizi ikavimba. Daktari akapitisha kifaa chembamba ubavuni mwa jino kikazama, halafu akanishikia kioo. Mstari mwembamba mweusi ulikuwa umeligawa gego langu kutoka mbele hadi nyuma. "Ufa umeshuka mpaka kwenye mzizi, mwalimu," akasema taratibu. "Hapa hakuna tena cha kuziba." Likang'olewa siku ile ile.

Kosa la pili nalitaja kwa sababu ni la watu wengi. Pengo nililiacha miaka minne, kisa halionekani nikicheka. Meno hayakai mahali pamoja kama misumari ukutani. La nyuma lilianza kulalia pengo, la juu likaanza kushuka kwa kuwa halikuwa na mwenzake wa kukutana naye, na chakula kikawa kinanasa kila siku mahali pale pale. Nilihamia kutafunia kushoto bila hata kujijua.

Nilipokuwa tayari, daktari alinipa njia tatu. Ya kwanza ni jino la bandia la kuvaa na kuvua, ambalo ni nafuu na halihitaji kusaga jino lolote, ila lazima ulizoee mdomoni. Ya pili ni skrubu ya titani inayopandikizwa kwenye mfupa wa taya na kuvalishwa jino juu yake. Hii haiwagusi majirani wa pengo, lakini ni ghali, inataka mfupa wa kutosha, na unasubiri miezi. Ya tatu ni daraja: meno mawili ya pembeni yanasagwa na kuvalishwa kofia, na jino la bandia linaning'inia katikati likishikwa na kofia hizo mbili. Daraja linagandishwa, hulivui.

Swali la kumuuliza daktari kabla ya kukubali daraja ni hili: majirani wa pengo wana hali gani? Gamba gumu la nje la jino likishasagwa halioti tena. Kama majirani wote wawili ni wazima kabisa, fikiri sana kabla ya kuyatoa mhanga. Yangu yote mawili yalikuwa na vizibo vikubwa na yangehitaji kofia muda si mrefu, kwa hiyo daraja lilikuwa na maana. Pia fizi zinazotoka damu zitibiwe kwanza. Nguzo zikilegea, daraja haliwezi kusimama.

Kazi yenyewe ilichukua mahudhurio matatu. Siku ya kwanza ilikuwa ndefu: ganzi, kusagwa, kisha kung'ata sahani yenye kitu kizito kama ugali mlaini kinachoganda na kuchukua alama ya meno. Nililinganishiwa rangi kwa vijino vya mfano, na hapo niliomba tusogee dirishani, kwa kuwa taa ya kliniki na jua la Tanga havionyeshi rangi moja. Nikavalishwa meno ya muda ya plastiki. Hayo usiyatafunie ubuyu wala mfupa.

Siku ya kugandisha ndiyo ninayotaka uikumbuke. Daktari anakuwekea karatasi nyembamba ya rangi katikati ya meno, anakwambia ng'ata, saga huku na huku, kisha anapunguza pale rangi ilipokolea. Mimi nilihisi upande ule unagonga kabla ya mwingine, lakini niliona haya kumsumbua mtu mzima aliyeinama juu yangu saa nzima. Nikasema, "Sawa tu, daktari." Usiku, ganzi imetoka, nilikuwa kama nimeng'ata punje ya mchele isiyotoka. Nikarudi asubuhi. Akanisikiliza, akapunguza kidogo mno, dakika tano, likatulia. Kwa hiyo sema. Jino lililo juu kuliko wenzake linaweza kuuma, na hata kofia inaweza kupasuka.

Kuhusu bei, usiulize "kofia shilingi ngapi" ukaishia hapo. Uliza ni ya nini: chuma kitupu, chuma kilichofunikwa kauri, au zirkonia, ambayo ni aina ya kauri ngumu sana. Kwa gego la nyuma, chuma ni imara na si cha kudharau. Bibi yangu alikuwa na jino la dhahabu mbele, fahari ya wanawake wengi wa pwani enzi zake. Uliza pia kama picha za eksirei, meno ya muda na marekebisho vimo ndani ya bei, na kama unaweza kulipa kwa awamu. Mwenye bima aulize kabla ya kukaa kwenye kiti.

Kofia yenyewe haiozi, ila jino lililo chini yake linaoza, hasa pale ukingo wa kofia unapokutana na fizi. Mimi kila usiku napitisha uzi wa meno chini ya daraja kwa kitanzi kidogo cha plastiki, na pembeni natumia kijiburashi chembamba. Mwanzoni ilinichukua dakika kumi mbele ya kioo, sasa mbili. Kofia ikichomoka, ihifadhi kwenye kikopo uende nayo kliniki. Tafadhali usiigandishe kwa supaglu.

Mwaka 2022 gego la kushoto nalo likatibiwa mzizi. Safari hii nilivalishwa kofia kabla mwezi haujaisha, na mpaka leo natafunia upande ule.

Hayo yote nilimweleza mdogo wangu kwenye simu, akanyamaza kidogo, kisha akauliza mahindi yatauzwa bei gani sasa hivi. Nilimwambia asiuze kwa hasara. Nimezungumza na kliniki, wamekubali alipe nusu sasa na nusu baada ya mavuno, na nauli ya Jumatano nimeshamtumia.