Muulize Fundi wa Milango: Silinda Mpya, Kitasa Kile Kile

SWALI: Fundi, shikamoo. Sisi tuko Leicester, nyumba ni yetu wenyewe, tumeinunua mwaka juzi. Mlango wa mbele ni wa plastiki nyeupe, wa zamani. Tangu joto la Julai umekuwa mgumu, mpaka niupige bega huku nauvuta mkono wa kitasa juu kwa nguvu zangu zote ndipo ufunguo ukubali kuzunguka. Juma lililopita nikasikia “ka!” na tangu hapo mkono unaning’inia tu. Mlango unafunguka lakini haufungiki, usiku tunauegemezea kabati la viatu. Mume wangu aliagiza silinda mpya, kile kidude kinachoingia ufunguo, akaitia mwenyewe, hali ni ile ile. Aliyekuja kututazamia anasema mlango wote ung’olewe. Ndiyo hakuna dawa nyingine?
Mama wa Watatu, Leicester

JIBU: Marahaba, mama. Kwanza hilo kabati liondoe leo. Moto ukizuka usiku, watoto watatu na kabati mlangoni ni balaa kuliko mwizi. Na mlango wenyewe usiubamize mpaka ushike, kwa sababu ulimi wa kitasa ukiingia kwenye fremu na humo ndani mmevunjika, kuufungua itakuwa kazi ya nusu siku. Ukunjie kitambaa pale penye ulimi, mtu mzima alale sebuleni usiku mmoja au miwili.

Mpe pole bwana kwa silinda yake. Hakukosea kuitia, amekosea mgonjwa. Kwetu Tanga nilikojifunzia kazi, kitasa ni kitu kimoja: unakichimbia tumboni mwa mlango wa mninga, unatia ufunguo, ufunguo unasukuma chuma, basi. Mlango wa plastiki wa Uingereza haufanyi hivyo. Ufungue utazame ubavu wake: utaona utepe wa chuma umeshuka kutoka karibu na juu hadi karibu na chini. Kwenye utepe huo kuna kulabu au vijiti vya mviringo, juu na chini, na katikati upo ulimi wa kawaida. Unapounyanyua mkono, wewe ndiye unayezitoa kulabu zote kwa mpigo mmoja. Ufunguo hausukumi chochote kizito. Unaikaza tu ile kazi ambayo mkono umeshaimaliza, isirudi.

Kwa hiyo mtu akiniambia “ufunguo mgumu”, mimi huuliza habari za mkono. Kati ya mkono na kulabu kuna kiboksi cha chuma kilichofichwa ndani ya mlango, usawa wa mkono na tundu la ufunguo. Tunakiita giaboksi. Ndani yake kuna vipande vidogo na springi, na ile “ka!” uliyoisikia nina hakika ilitoka humo. Silinda ni mlinzi wa giaboksi tu. Ukibadilisha mlinzi, nyumba iliyoanguka haisimami.

Hakikisha kabla hujatoa hela. Mlango ukiwa wazi, fungua skrubu mbili ndefu za mkono upande wa ndani, mikono yote miwili itatoka. Utabaki na nondo fupi ya pembe nne, unene wake kwa kawaida milimita 8. Ishike kwa koleo uizungushe. Ikiwa ulimi unaingia ukizungusha chini na kulabu zinatoka ukizungusha juu, giaboksi ni zima na kilichokatika ni springi za mikono. Nunua mikono mipya, ushukuru Mungu. Ikiwa nondo inazunguka bure kama kijiko ndani ya kikombe, giaboksi imekufa.

Kuitoa si kazi ya kutisha. Kwenye ubavu wa mlango, usawa wa tundu la ufunguo, kuna skrubu moja ndefu iliyoishika silinda. Itoe. Tia ufunguo, uzungushe kidogo sana, kama mshale wa saa unaotoka kwenye 6 kwenda kwenye 5 au 7, huku unaivuta silinda taratibu. Ndani yake kuna jino, nalo lazima lilale sawa na mwili wa silinda ndipo ipite. Bwana wako ameshafanya hilo, analijua. Kisha skrubu zote za utepe kuanzia juu kwenda chini, uuvute wote utoke, uulaze juu ya blanketi. Upige picha kila pande kabla hujagusa kingine. Nimeona watu wazima wakilia kwa kusahau kulabu ilikuwa inatazama wapi.

Sasa vipimo, na hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Chukua rula ya chuma, tepu ya kushonea iache kabatini. Kipimo cha kwanza, kutoka uso wa utepe hadi katikati ya tundu la nondo: mara nyingi ni milimita 35, lakini zipo 28 na 45. Cha pili, kutoka katikati ya tundu la nondo hadi katikati ya ile duara pana ya tundu la silinda: mara nyingi 92. Cha tatu, upana wa utepe, 16 au 20. Tofauti ya milimita mbili haikubaliki, huu si mkeka wa kukunja pembe. Halafu utafute jina la mtengenezaji lililogongwa kwenye utepe au kwenye giaboksi yenyewe: Yale, GU, Winkhaus, Fuhr, ERA na wenzao. Giaboksi mbili zenye vipimo sawa kutoka kwa watengenezaji wawili hazishikani na fito za mwenzake, yaani vile vyuma virefu vya utepe vinavyoiunganisha giaboksi na kulabu. Ukilipata jina na vipimo vitatu, mara nyingi utapata giaboksi peke yake, utepe wako ukabaki ule ule. Ikiwa aina hiyo haitengenezwi tena, unanunua utepe mzima wa kurithi nafasi ya ule wa zamani. Mlango bado haung’olewi.

Unapoirudisha, kulabu zote ziwe zimeingia ndani kabla ya kuunganisha giaboksi na fito. Rudisha utepe, mikono, silinda. Kisha jaribu mlango ukiwa wazi: nyanyua mkono, zungusha ufunguo, rudisha ufunguo, shusha mkono. Mara kumi. Usiufunge kwanza.

Nasema usiufunge kwa sababu bado hatujamtibu muuaji. Giaboksi haikujiua, mama. Mwaka wangu wa kwanza huku nilibadilisha moja nyumbani kwa mzee wa Kikomoro, nikapokea ujira, nikanywa na chai. Baada ya miezi mitatu akanipigia: imevunjika tena. Nilikuwa sijazitazama bawaba hata kwa jicho la pembeni. Nililipia giaboksi ya pili mfukoni mwangu, na tangu siku hiyo mlango mgumu kwangu huanzia kwenye bawaba.

Mlango wa plastiki una kioo kizito, na miaka ikipita huinama upande wa mkono. Joto nalo huivimbisha plastiki, ndiyo maana kwako mambo yaliharibika Julai. Kulabu zikitoka hazikuti tena matundu yake kwenye fremu, zinagonga chuma. Wewe unaongeza nguvu, unapiga bega, na nguvu yote hiyo inaishia kwenye vile vipande vidogo. Kipimo chake ni rahisi: ikiwa mkono ni mwepesi mlango ukiwa wazi na mgumu ukiwa umefungwa, ugonjwa uko kwenye mkao wa mlango. Pakaa rangi ya mdomo kwenye ncha za kulabu, funga, nyanyua taratibu, fungua, kisha tazama imeacha alama wapi kwenye fremu. Kwenye kazi hii ni bora kuliko chaki.

Bawaba nyingi za milango hii zina vifuniko vya plastiki. Ukivibandua utaona matundu ya ufunguo wa L wenye pembe sita. Moja huupandisha mlango, jingine huusogeza kushoto na kulia. Zungusha robo tu, bawaba zote kwa kiasi kile kile, ujaribu, uzungushe tena. Milimita mbili zinatosha kuokoa mlango. Ikiwa bawaba zimefika mwisho wake na mlango bado umeinama, hapo ita fundi: kioo kinatolewa, vipande vya plastiki vinapachikwa upya, kona ya chini upande wa bawaba na kona ya juu upande wa mkono, ili uzito wa kioo uuinue mlango badala ya kuuvuta chini. Ni kazi ya saa moja kwa aliyezoea, lakini kioo si cha kujifunzia.

Aliyekwambia ung’oe mlango wote, muulize kama alizitazama bawaba.

SWALI: Salaam fundi. Nimepanga nyumba Reading na wenzangu wawili, mmoja ameondoka na ufunguo na hatuelewani. Mlango ni wa plastiki. Nibadilishe kitasa kizima?
Kijana wa Lamu

JIBU: Hapana, kijana. Hapa ndipo silinda ya bwana wa Leicester ingefaa. Badilisha silinda peke yake. Lakini umwambie mwenye nyumba kwanza kwa maandishi, umpe nakala ya ufunguo, na ile silinda ya zamani uitunze kwenye soksi hadi siku ya kuhama. (Kama kitasa kingekuwa kimeharibika chenyewe, huku Uingereza kukarabati mlango wa nje ni juu ya mwenye nyumba, sheria ya 1985 ya wenye nyumba na wapangaji, kifungu cha 11. Ufunguo ulioondoka na rafiki ni habari nyingine.)

Usipime silinda urefu wote kwa mara moja. Anza katikati ya tundu la skrubu, upime kwenda nje, kisha urudi upime kwenda ndani. Utapata namba mbili, tuseme 40 na 50, na ukiagiza useme ipi ni ya nje. Ikishaingia isichomoze zaidi ya milimita 3 nje ya bati la mkono. Inayochomoza wezi wanaipenda, kwa sababu wanapata pa kuishika na kuivunja. Tafuta yenye alama ya TS 007 nyota tatu, au Sold Secure Diamond, ndizo alama za silinda zilizojaribiwa dhidi ya wezi. Nyota moja nayo inafaa ukiioanisha na mikono ya nyota mbili. Zisizo na alama yoyote ni za bei rahisi, na mimi sizifungi hata mtu akinibembeleza.

Na kwa kuwa mko wengi humo ndani, chukua ile yenye kishikizo cha kuzungusha upande wa ndani, mtu asitafute ufunguo kwenye moshi.

SWALI: Fundi, ufunguo wangu unakwama. Nilitia mafuta ya nazi kidogo mwezi wa tisa ukawa laini kabisa, sasa Januari umegoma kuingia. Nini?
Bibi Pwani, Milton Keynes

JIBU: Bibi, shikamoo. Mafuta ya nazi yakiwa chini ya nyuzi 24 huganda, na Milton Keynes mwezi wa Januari wewe mwenyewe unaganda. Sasa una silinda iliyojaa siagi. Upashe ufunguo joto mikononi, uingize na kuutoa mara nyingi huku unaufuta, kisha upulize dawa kavu ya kulainishia kitasa, iitwayo PTFE, au unga wa grafiti, kidogo. Kulabu na ulimi wa ubavuni unaweza kuzipaka grisi nyepesi mara moja kwa mwaka, lakini tundu la ufunguo lisione mafuta tena. Yaliyobaki kwenye chupa pikia wali.