Maswali ya Wasomaji: "Indica" katika Jina la Mkwaju

SWALI: Shuleni kwetu miti imebandikwa vibao vya majina ya kisayansi, na mkwaju ulio mbele ya ofisi umeandikwa Tamarindus indica. Walimu wenzangu hulitamka neno la pili "indíka", ilhali mgeni mmoja alilitamka "índika". Nani yuko sahihi, na je, neno hilo lina maana kwamba mkwaju wetu umetoka India? (Mwalimu, Tanga)

JIBU: Ndugu Mwalimu, mgeni wenu ndiye aliyefuata kanuni ya Kilatini, ingawa kosa la wenzako linaeleweka. Sisi tumezoea kutia mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na hata silabi zenyewe tungezikata i-ndi-ka, kwa kuwa "nd" yetu haitengani. Kilatini hukata in-di-ca, "c" ikisomwa kama "k", na kwa sababu "i" ya katikati ni fupi, mkazo hurudi nyuma hadi silabi ya kwanza. Ulimi wa Mswahili hauishindwi kazi hiyo: kila siku tunatofautisha barabára ya magari na kazi iliyofanywa barábara.

Kivumishi hiki maana yake ni "-a Bara Hindi", nacho hufuata jinsia ya nomino: mwembe ni Mangifera indica, ufuta ni Sesamum indicum. Utauliza mbona Tamarindus, wenye mwisho wa -us, haukupewa indicus. Kilatini huihesabu miti kuwa ya kike hata jina likiwa na umbo la kiume, kama sisi tusemavyo "kiboko mkubwa" wala si "kiboko kikubwa", uhai wa mnyama ukikishinda kiambishi chake.

Kuhusu asili, jina linapotosha, nami ningependa sana wanafunzi wako wajue hivyo kabla ya kulikariri. Mkwaju ni mti wa asili ya Afrika, uliofika Bara Hindi zamani mno. Waarabu walioujua ukwaju kupitia biashara ya huko waliuita tamr hindi, yaani tende ya Kihindi; ukipasua ganda lake na kuona nyama ya kahawia inavyonata kwenye kokwa, utaelewa kwa nini waliikumbuka tende. Tamr hindi ikawa Tamarindus, kisha mwaka 1753 Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, akaongeza indica, kwa hiyo kibao chenu kinaitaja Hindi mara mbili juu ya mti wa Kiafrika.